Auskick kwa watoto wetu: inafaa hela yake? Na je, mtoto atafika AFL kweli?

Wazazi wenzangu mlio Melbourne, na hata nyie wa Brisbane na Adelaide, kila msimu ukikaribia lile swali linarudi kwenye magrupu yetu: hii Auskick ya kufundisha watoto mpira wa Kiaustralia ni nini, bei gani, mwanangu anakimbia balaa je akiingia huko si atakuja kuwa mchezaji wa kulipwa na sisi tupumzike? Naona watu wanajibu kwa mkato "mpeleke tu", sasa mi nimeona niandike kwa urefu maana wangu yuko huko na nina ya kusifia na ya kunung'unikia.

Nyota zangu ni nne kati ya tano kama unachonunua ni Jumamosi nzuri kwa mtoto. Kama unanunua ajira natoa moja, na hiyo moja ni ya begi.

Begi lenyewe ni hivi. Ukishamsajili mtoto anapewa kifurushi chake, ndani kuna mpira mdogo laini na vikorokoro vingine, na aisee usidharau lile begi, wangu alilala nalo. Kwa upande wa wazazi wengi wa kwetu hilo tu limeshamaliza mjadala, mtoto ana mpira wake mwenyewe wenye jina lake.

Auskick ni programu ya AFL yenyewe, ile ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, kwa watoto wa shule ya msingi, kuanzia miaka mitano hivi mpaka 12, wa kike na wa kiume wako pamoja. Inafanyika kwenye viwanja vya klabu za mtaani na mara nyingi ni Jumamosi asubuhi, na wanaoiendesha sio makocha wa kulipwa, ni wazazi waliojitolea, yaani baba yake fulani ambaye wiki nzima ni fundi bomba ndo Jumamosi anapuliza filimbi. Kwa hiyo ubora unategemea nani amejitolea mtaani kwenu. Wengine wana kipaji cha watoto, wengine wanapiga kelele tu.

Kwa mlio nyumbani ambao huu mchezo hamjawahi kuuona: uwanja una umbo la yai na ni mkubwa kuliko wa soka, wachezaji 18 kila upande, nguzo nne kila mwisho, hakuna nyavu wala mwamba wa juu. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya zile nguzo mbili ndefu ni pointi sita, ukipita pembeni kati ya ndefu na fupi unapewa moja ya pole. Hakuna ofsaidi. Unaruhusiwa kukimbia nao mkononi ila kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini, na mpira wenyewe una ncha mbili kwa hiyo haudundi unakotaka wewe. Kurusha kama netiboli ni kosa, kutoa pasi kwa mkono unauweka kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Na ukiudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi unasimama, hakuna wa kukugusa, unapiga kwa raha zako. Hiyo wanaiita maki na ndo maana utaona mtu anapanda mabegani kwa mwenzake mzima mzima na refa anaangalia tu.

Sasa mtoto aliyekulia soka anaumia hapa kwenye kupiga. Wetu wote wanakuja na mguu wa soka, wanataka kupiga kwa upande wa ndani wa kiatu, na huu mpira hautaki. Yule baba aliyekuwa anafundisha kundi la wangu, mzee mtaratibu sana, alichuchumaa akamshikisha mikono miwili pande zote za mpira, nyuzi zikiangalia mbele, akamwambia usiurushe juu, uuachie, mkono mmoja unausindikiza mpaka karibu na mguu, unashuka wima, unaupiga ncha ya chini kwa sehemu ya kamba za kiatu, kidole kikiwa kimenyooka. Ukifanya sawa mpira unaondoka unazunguka kurudi nyuma na unaenda moja kwa moja kifuani kwa mwenzako. Ukikosea unaenda kwa jirani. Watoto walikuwa wanaupiga unaenda kwa jirani asubuhi nzima, hakuna aliyefokewa, afu ghafla mmoja ukatoka vizuri na kundi zima likashangilia na aliyepiga mwenyewe kasimama tu anaangalia mguu wake. Kwa kitu kama hicho natoa nyota bila kubania.

Kingine kizuri, wale wadogo hawakabani, hakuna kuangushana, wanafundishwa kudaka, kupiga, kukimbia, vimechezo vya koni, na mwishoni kamechi kafupi ambako kila mtu lazima auguse mpira. Mama mwenye hofu ya mtoto kuvunjika meno atulie, hayo yanakuja baadaye.

Afu kuna bahati ambayo haipo kwenye programu nyingine niliyoijua huku. Kwenye mapumziko ya mechi za AFL, watoto wa Auskick wanaingizwa uwanjani kucheza, na ukibahatika kituo chenu kikapangiwa MCG basi mwanao anakimbia kwenye nyasi za uwanja unaobeba watu laki moja. Na siku ya fainali kuu, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mechi inaanza saa nane na nusu mchana huku, sawa na saa moja na nusu asubuhi kwa Dar na Nairobi, kengele ikishalia wanaowavalisha mabingwa medali ni watoto wa Auskick. Jitu la kilo mia linainama mbele ya mtoto wa darasa la tatu livalishwe medali, mi naipenda ile kuliko mechi yenyewe.

Manung'uniko sasa. Baridi. Msimu ni wa majira ya baridi, saa tatu asubuhi nyasi zina umande, upepo unatoka sijui wapi, na wewe mzazi umesimama. Vaa soksi mbili, chukua chupa ya chai ya tangawizi, acha urembo. Soseji zinazochomwa pembeni, zile za kufungwa kwenye slesi ya mkate na vitunguu, uliza kwanza kama ni halali, klabu nyingi za magharibi mwa jiji siku hizi wanatenga ila sio zote. Na viatu: kuna duka moja la michezo kwenye mall, silitaji, muuzaji alinisimamia akaniambia lazima viatu maalum vya AFL kwa bei ambayo ukiisikia unakumbuka kodi ya nyumba, kumbe vya soka vya njumu za plastiki vinafaa kabisa na Kmart vipo kwa bei ya kawaida, au maduka ya mitumba, watoto wanakua miguu kila mwezi jamani.

Ada inatofautiana kituo na kituo kwa hiyo sitaki kutaja, utaiona ukiweka postikodi yako. Ila kwa Victoria, serikali ya jimbo imekuwa ikitoa vocha za Get Active Kids, mpaka dola 200 kwa familia zenye Health Care Card, ile kadi ya serikali ya wenye kipato kidogo, zinatoka kwa awamu na zinaisha, kwa hiyo angalia kama awamu iko wazi kabla hujatoa kadi mfukoni. Wengi wetu tunastahili afu hatuombi.

Haya, tuje kwenye ajira, maana najua ndo mliyoifuata.

Mtoto akitoka Auskick anaingia timu za vijana za klabu ya mtaani, akiwa mkali anaonekana na ligi ya vipaji ya jimbo, na mwaka anaofikisha miaka 18 anaruhusiwa kuingia drafti ya taifa, yaani pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Novemba. Klabu za juu ni 18 tu nchi nzima, Tasmania inakuja kuwa ya 19, na drafti inachukua vijana sitini au sabini hivi kwa mwaka. Nchi nzima hiyo. Na hauchagui, unachaguliwa, mtoto wa Sunshine hapa Melbourne anaweza kuitwa na klabu ya Perth na kesho yake anapanda ndege. Mkataba wa kwanza ni miaka miwili au mitatu, ukiisha hawakuhitaji unarudi kwa mama yako na miaka 20 na goti bovu.

Hela ipo, nisiseme uongo. Makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2023 yamepanga wastani wa malipo ya mchezaji wa kiume ufike dola 519,000 za Australia kwa mwaka ifikapo 2027, na wa kike 82,000. Wastani lakini, wapo wanaovuta milioni na wapo dogo wa mwaka wa kwanza, na hiyo pengo ya wanawake jioneeni wenyewe, ligi yao ilianza 2017 tu.

Mfano ambao kila mtoto anaubeba mgongoni ni namba 23, Lance Franklin, wanamwita Buddy. Ni Mnoongar, watu wa asili wa kusini magharibi mwa Australia, amekulia Dowerin kwenye mashamba ya ngano huko Australia Magharibi. Hawthorn walimchukua wa tano kwenye drafti ya 2004, msimu wa 2008 akapiga magoli 113, akabeba kombe mwaka huohuo na tena 2013, afu akahamia Sydney kwa mkataba wa miaka tisa wa dola milioni kumi, watu wakasema Sydney wamechanganyikiwa. Machi 2022 alipopiga goli lake la 1,000 dhidi ya Geelong pale SCG, uwanja wa Sydney, maelfu ya watu waliruka uzio wakajaa uwanjani, mechi ikasimama kama nusu saa, ukitafuta video utaona wachezaji wamepotea kwenye watu. Alistaafu 2023 na magoli 1,066 katika mechi 354. Ila hesabu nyingine ni hii, akiwa Sydney alicheza fainali kuu tatu, 2014, 2016 na 2022, na zote walipigwa. Na 2015 kabla ya michujo alikaa pembeni kwa ajili ya afya ya akili, hadharani, jambo ambalo kwa mwanaume wa mpira sio dogo. Huyo ndo aliyefanikiwa kuliko wote wa kizazi chake, sasa jiulize wengine.

Mi lakini ninayewasimulia watoto sio Buddy, ni Aliir Aliir. Huyu amezaliwa 1994 Kakuma, Turkana, kambini, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Kuna watu kwenye magrupu yetu wametoka Kakuma hiyohiyo, wanajua foleni ya maji ya pale. Hakupitia begi wala koni, mpira huu alikutana nao Brisbane akiwa tayari kijana, akaenda mpaka Perth kucheza ligi ya huko ndo Sydney wakamuona, drafti ya 2013, chaguo la 44. Afu akakaa. 2014 hajacheza timu ya kwanza, 2015 hajacheza, mechi yake ya kwanza ni 2016, na mwaka huohuo akawa moto mpaka timu ikafika fainali kuu, na yeye goti likamtoa wiki moja kabla. Sydney wakafungwa na Western Bulldogs waliokuwa hawajabeba kombe tangu 1954. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha msimu cha Australia nzima. Ni beki, kazi yake ni kusoma mpira wa adui hewani na kuufuata kabla hata mwenyewe hajafika, ukiangalia mechi za Port usifuate mpira mfuate yeye, utaona anaanza kukimbia wakati wenzake bado wanaangalia mguu wa mpigaji.

Kabla yake kuna Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, Msudani wa kwanza kucheza AFL, kijana wa kwetu huku magharibi mwa Melbourne. 2013 mechi yake ya kwanza na North Melbourne, teke lake la kwanza likawa goli, uwanja ukalipuka. Watu wengi wanakumbuka hilo tu. Alisajiliwa 2009 na alistaafu 2021, na muda wote huo alicheza mechi 54. Hesabu mwenyewe misimu, mazoezi ya kila siku, majeraha, na Jumamosi ngapi jina halipo kwenye orodha. Kwa watoto wa kike yuko Akec Makur Chuot, naye kapita Kakuma, kacheza Fremantle, Richmond na Hawthorn, na ni kati ya Waafrika wa kwanza kwenye ligi ya wanawake.

Kwa familia za Kiislamu, mwangalieni Bachar Houli aliyekuwa Richmond, makombe matatu, 2017, 2019 na 2020, na swala hakuiacha. MCG kuna chumba cha kuswalia na mchango wake upo, na ana programu yake ya vijana wa Kiislamu. Huyo ukimtaja kwa ustadh wa madrasa mjadala wa "mpira utampoteza mtoto" unapungua makali.

Ila kuna jambo halimo kwenye kipeperushi cha programu yoyote na sisi wazazi weusi tulijue kabla. Adam Goodes, mtu wa asili ya nchi hii, mechi 372 na Sydney, mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2003 na 2006, Mwaustralia wa Mwaka 2014, na bado alizomewa na viwanja vizima wiki baada ya wiki mpaka akaondoka 2015. Ligi na klabu zote 18 ziliomba msamaha 2019, miaka minne imepita. Na Heritier Lumumba, ambaye baba yake ana asili ya Kongo na Angola, bingwa na Collingwood 2010, alisema ubaguzi upo ndani ya klabu na alionekana mkorofi, 2021 ripoti ya watu huru ikatoka na kusema ndio upo na ni wa kimfumo, rais wa klabu akaachia kiti siku chache baadaye. Sisemi msimpeleke mtoto. Kwenye kituo chetu watoto wako rangi zote na hakuna aliyejali. Nasema akipanda ngazi, mjue kuna siku atarudi nyumbani na swali, na jibu linatakiwa liwe limeshaandaliwa.

Na kichwa. Graham "Polly" Farmer, Danny Frawley, Shane Tuck, wote majina makubwa, baada ya kufa ubongo wao ulichunguzwa ukakutwa na CTE, ule ugonjwa wa kugongwagongwa kichwa. Heather Anderson wa ligi ya wanawake pia, binti mdogo kabisa. Sasa hivi mchezaji wa AFL aliyepata mtikisiko wa ubongo lazima akae nje angalau siku 12. Mtoto wako akigongwa kwenye timu ya vijana na kochi akakwambia "yuko poa", wewe mtoe, msibishane.

Kwa hiyo mi wangu nimemsajili tena na mdogo wake wa kike anapiga kelele anataka begi, atalipata. Wakifika miaka 12 wakasema wanataka kikapu au soka, ruksa, viatu ni vilevile vya Kmart.

Usajili unafunguliwa mapema mwaka kwenye tovuti ya play.afl, unaandika postikodi inakuletea vituo vya karibu. Usichague cha karibu kabisa kwa sababu tu ni karibu, nenda asubuhi moja ukasimame pembeni bila mtoto, angalia aliyeshika filimbi anaongeaje na wale wasiojua kupiga, angalia kama wasichana wanapewa mpira, angalia maegesho, na kwa heshima na taadhima angalia kama choo kinafunguliwa asubuhi, maana mtoto wa miaka mitano mwenye suruali tatu kwenye baridi ya Julai hasubiri mtu atafute ufunguo.